Kufungasha kerneli ya Linux kwa prosesa za ARM: `armhf` moja haitoshi bodi zote

Ukiona kifurushi kinaishia na `armhf`, ni rahisi kudhani kitawaka kwenye bodi yoyote ya ARM ya biti 32. Kwa programu za kawaida, mara nyingi dhana hiyo haina madhara. Kwa kerneli, inakuachia skrini nyeusi. Lebo ya Debian inaeleza jinsi programu zilivyokompailiwa. Haisemi lolote kuhusu muundo wa jedwali la kurasa za kumbukumbu, ukubwa wa ukurasa mmoja, wala seti ya amri ambayo kerneli inaihitaji kabla hata ya kuandika herufi ya kwanza kwenye waya wa serial. Kazi ya mfungashaji ni kutenganisha lahaja hizo, kuzipa majina yasiyogongana, na kuzitambua kwa kupima kilichomo ndani ya faili.

Mfano tunaoufuata hapa ni familia ya Raspberry Pi, kerneli ya mfululizo wa 6.12, vifurushi vya .deb, na kompyuta ya x86-64 yenye Debian 12 au mpya zaidi. Familia hiyo inafaa kwa sababu jina moja la biashara limebeba vizazi vitatu vya ARM. Mwishoni kuna maneno machache kuhusu NAS za zamani (visanduku vya kuhifadhi data kwenye mtandao), ambazo zina masharti yake.

## Lahaja tano

v6. Raspberry Pi 1, Zero na Zero W. Chipu ni BCM2835, prosesa ni ARM1176. Ina kitengo cha hesabu za desimali cha VFPv2, lakini si ARMv7. Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa unapoanzia: `armhf` ya Debian inadai ARMv7, ilhali `armhf` ya Raspbian ilijengwa upya kwa ARMv6. Lebo ni ile ile, herufi kwa herufi, na maana ni mbili.

v7. Raspberry Pi 2 na 3 kwa biti 32. Pi 2 ya mwanzo ina Cortex-A7. Toleo la bodi 1.2 lilibadilishiwa chipu na kupewa Cortex-A53, ile ile ya Pi 3.

v7l. Pi 4 kwa biti 32. Herufi l inasimamia LPAE, yaani jedwali la kurasa linaloweza kufikia anwani zaidi ya biti 32. Pi 4 inaihitaji hata ikiwa na GB 1 tu ya kumbukumbu, kwa sababu dirisha la PCIe (njia ya kuunganisha vifaa) la chipu yake, BCM2711, limewekwa kwenye anwani 0x600000000, juu ya mpaka wa GB 4, na kidhibiti cha USB kimeunganishwa kupitia PCIe hiyo. Kerneli isiyo na LPAE haiwezi kuifikia, kwa hiyo kibodi na diski ya USB havitaonekana.

v8. Biti 64, kurasa za KB 4. Inawaka kwenye Pi 3, Pi 4, Pi 5 na Zero 2 W.

2712. Biti 64, kurasa za KB 16, kwa Pi 5 peke yake. Cortex-A76 inaunga mkono kurasa za KB 16. Cortex-A53 na A72 haziungi. Na prosesa ya Pi 5 haiwezi kuendesha kerneli ya biti 32 kabisa. Inaendesha programu za biti 32, basi.

Nje ya Raspberry Pi mipaka ni ile ile. Bodi ya BeagleBone Black ina Cortex-A8, i.MX6 ina Cortex-A9, na zote mbili hazina LPAE. Allwinner A20 ina Cortex-A7, na LPAE inayo. Ndiyo maana Debian inatoa `linux-image-armmp` na `linux-image-armmp-lpae` kando kando: ya kwanza inawaka kwenye ARMv7 karibu zote, ya pili inakataa kwenye A8 na A9. Tangu kerneli 3.7 ya Desemba 2012, bodi nyingi za ARMv7 zinaweza kutumia faili moja la kerneli, zikitofautishwa na faili la dtb tu, yaani faili linaloieleza kerneli vifaa vilivyopo kwenye bodi. Kabla ya hapo karibu kila chipu ilikuwa na kerneli yake. Lakini ARMv5 na ARMv7 haziwezi kuchanganywa ndani ya faili moja hata leo. Namna zinavyoshughulikia akiba ya prosesa na jedwali la kurasa zinatofautiana mno.

Kama huna uhakika bodi uliyonayo ina prosesa gani, soma mstari wa `CPU part`:

```
grep -m1 'CPU part' /proc/cpuinfo
```

0xb76 ni ARM1176, 0xc07 ni Cortex-A7, 0xc08 ni A8, 0xc09 ni A9, 0xd03 ni A53, 0xd08 ni A72, 0xd0b ni A76. Usisome `CPU architecture`. Pi Zero inaandika hapo namba 7 ingawa ni ARMv6, na skripti nyingi za usakinishaji zimeangukia kwenye shimo hilo. `uname -m` nayo inakueleza kerneli inayoendesha kwa sasa. Haikuelezi uwezo wa prosesa. Pi 3 yenye kerneli ya biti 32 itasema `armv7l` bila aibu.

## Vifaa na saraka

```
sudo apt install build-essential bc bison flex libssl-dev libelf-dev \
  debhelper rsync kmod cpio fakeroot xz-utils git \
  gcc-arm-linux-gnueabihf gcc-aarch64-linux-gnu
mkdir -p ~/kerneli/vipande && cd ~/kerneli
git clone --depth=1 --branch rpi-6.12.y https://github.com/raspberrypi/linux
```

Kompaila ya `gnueabihf` inatosha kwa lahaja zote tatu za biti 32, hata v6, kwa sababu kerneli haitumii rejista za desimali katika kuita vitendaji vyake na hupitisha `-march` yake yenyewe. Kumbuka tu kwamba hilo ni kweli kwa kerneli pekee. Ukiitumia kukompaili programu ya kawaida utapata ARMv7. Tutalirudia hili kwenye vichwa vya kerneli (`linux-headers`).

Usikompaili ndani ya saraka ya msimbo. Kila lahaja ipewe saraka yake kwa `O=`. Ukishaendesha `make` ndani ya msimbo mara moja tu, majaribio yote ya `O=` yatakataa mpaka uendeshe `make mrproper`.

Mabadiliko yako ya usanidi yaweke kwenye kipande kidogo, usihariri `.config` tano kwa mkono. Mfano wa `~/kerneli/vipande/wote.config`:

```
# CONFIG_LOCALVERSION_AUTO is not set
CONFIG_DEBUG_INFO_NONE=y
CONFIG_WIREGUARD=m
CONFIG_USB_SERIAL_OPTION=m
```

`DEBUG_INFO_NONE` inazuia kifurushi cha `-dbg`, ambacho huwa kikubwa mara nyingi kuliko kerneli yenyewe na karibu hakuna anayekipakua. `USB_SERIAL_OPTION` ni draiva ya modemu nyingi za USB za 3G na 4G.

## Skripti

```
#!/bin/bash
set -eu
B=$HOME/kerneli
SRC=$B/linux
KIPANDE=$B/vipande/wote.config
TOLEO=$(make -sC "$SRC" kernelversion)-1

jenga() {
  lahaja=$1; arch=$2; kompaila=$3; defconfig=$4; lebo=$5
  o=$B/kazi/$lahaja/obj
  mkdir -p "$o"
  m="make -C $SRC O=$o ARCH=$arch CROSS_COMPILE=$kompaila LOCALVERSION=-kb1"

  $m "$defconfig"
  (cd "$SRC" && scripts/kconfig/merge_config.sh -m -O "$o" \
      "$o/.config" "$KIPANDE")
  $m olddefconfig

  while read -r mstari; do
    grep -qxF "$mstari" "$o/.config" || echo "$lahaja: UMEDONDOKA: $mstari"
  done < "$KIPANDE"

  $m -j"$(nproc)" KBUILD_DEBARCH="$lebo" KDEB_PKGVERSION="$TOLEO" bindeb-pkg
}

jenga v6   arm   arm-linux-gnueabihf- bcmrpi_defconfig  armhf
jenga v7   arm   arm-linux-gnueabihf- bcm2709_defconfig armhf
jenga v7l  arm   arm-linux-gnueabihf- bcm2711_defconfig armhf
jenga v8   arm64 aarch64-linux-gnu-   bcm2711_defconfig arm64
jenga 2712 arm64 aarch64-linux-gnu-   bcm2712_defconfig arm64
```

Kila mstari hapo una sababu yake.

`ARCH` inarudiwa kwenye kila amri, hata `olddefconfig`. Ukiisahau mara moja kwenye kompyuta ya x86, Kconfig (mfumo wa usanidi wa kerneli) itachukua usanidi wako wa ARM, itafuta kila chaguo isilolifahamu, na kukuachia `.config` ya x86 bila kulalamika. Utagundua dakika kumi baadaye kompaila itakapoanza kukataa vigezo.

`bcm2711_defconfig` imetokea mara mbili na si kosa. Kuna faili mbili za usanidi wa kuanzia zenye jina hilo, moja chini ya `arch/arm` na nyingine chini ya `arch/arm64`. Kinachochagua ni `ARCH`.

Kila defconfig ya hazina hii inakuja na `CONFIG_LOCALVERSION` yake: `-v7`, `-v7l`, `-v8`, `-v8-16k`. Thamani ya `LOCALVERSION` unayopitisha (hapa `-kb1`, alama yetu ya mfano) inaongezwa baada yake, hivyo jina kamili linakuwa kama `6.12.34-v7-kb1`. Hakikisha hata v6 inapata kitambulisho; ikiwa `.config` yake haina `-v6`, ongeza mwenyewe kwa `scripts/config --file "$o/.config" --set-str LOCALVERSION -v6` kabla ya `olddefconfig`. Tumia herufi ndogo, namba na vistari tu. Jina la kifurushi cha Debian halikubali herufi kubwa wala mstari wa chini. Na usipopitisha `LOCALVERSION` kabisa, alama ya `+` itaongezwa mwishoni kila msimbo unapokuwa haujasimama kwenye lebo ya toleo.

Kitanzi cha `while` kipo kwa sababu Kconfig hudondosha chaguo kimyakimya pale sharti lake lisipotimia. Chaguo linaweza kukubalika kwenye arm64 na kutoweka kwenye v6. Afadhali uone neno UMEDONDOKA sasa kuliko kupigiwa simu na mtu ambaye modemu yake haionekani.

`KBUILD_DEBARCH` ndiyo inayozuia lebo ya uongo. Ukiiacha, skripti ya `mkdebian` inakisia: kwenye ARM ya biti 32 ikikuta `CONFIG_VFP=y` inaandika `armhf`, isipoikuta inaandika `armel`. Ukifungasha kwa ajili ya `armel` ya Debian, huku usanidi umewasha VFP, kifurushi kitatoka na `armhf` na apt kwenye bodi yako itakikataa. Taja lebo mwenyewe.

Saraka ya `obj` imewekwa ndani ya saraka ya lahaja kwa makusudi. `bindeb-pkg` huweka .deb kwenye saraka iliyo juu ya `O=`. Kama lahaja zote zingekuwa na mzazi mmoja, `linux-libc-dev` ya v7 ingefuta ya v6 kwa sababu jina, toleo na lebo vyote ni sawa.

`dpkg-checkbuilddeps` ikisimamisha kazi kwa kudai vifurushi ambavyo una hakika huvihitaji, ongeza `DPKG_FLAGS=-d`.

## Nini cha kusambaza na nini cha kutupa

Kila saraka itakuwa na `linux-image`, `linux-headers` na `linux-libc-dev`. Hiyo ya mwisho itupe. Ni ya kukompaili programu za kawaida, Debian tayari inayo, na ukiiweka kwenye hazina yako itagombana na ya mfumo kwenye kila bodi inayosasishwa. Ukitumia reprepro (programu ya kusimamia hazina ya .deb), itakataa pia kupokea faili mbili zenye jina moja na yaliyomo tofauti.

`linux-headers` ndiyo yenye mtego. Ndani yake kuna programu ndogo, `fixdep`, `modpost` na wenzake, zinazohitajika DKMS (mfumo wa kujenga moduli upya kwa kila kerneli) inapojenga moduli. Ukikompaili kwenye x86, zinaweza kubaki za x86, na mtumiaji atapata `Exec format error`. Kerneli za karibuni hujaribu kuzijenga upya kwa ajili ya prosesa lengwa. Usiamini, fungua uangalie:

```
dpkg-deb -x linux-headers-6.12.34-v8-kb1_6.12.34-1_arm64.deb /tmp/h
file /tmp/h/usr/src/linux-headers-*/scripts/mod/modpost
```

Jibu likitaja x86-64, kifurushi hicho hakifai. Hata likitaja ARM, kwa v6 bado kuna tatizo: kompaila ya `armhf` ya Debian hutoa programu za ARMv7, na Pi Zero itajibu `Illegal instruction`. Kwa v6 jenga vichwa kwenye bodi yenyewe au usivitoe kabisa. Binafsi tungechagua kutovitoa; wanaojenga moduli za DKMS kwenye Pi Zero ni wachache na wana subira.

## Pima faili lenyewe

Jina likishaandikwa na binadamu linaweza kukosewa. Kichwa cha faili la kerneli hakidanganyi.

Kerneli ya biti 32 ni zImage, na kwenye baiti ya 36 kuna namba ya utambulisho:

```
dpkg-deb -x linux-image-6.12.34-v7-kb1_6.12.34-1_armhf.deb /tmp/k7
od -An -tx4 -j36 -N4 /tmp/k7/boot/vmlinuz-*
 016f2818
```

Kerneli ya arm64 kwa kawaida imebanwa kwa gzip ndani ya kifurushi. Ifungue, kisha soma baiti nane kuanzia ya 24. Hapo kuna bendera, na biti ya 1 na ya 2 ndizo zinazotaja ukubwa wa ukurasa:

```
zcat /tmp/k8/boot/vmlinuz-* | od -An -tx8 -j24 -N8
 000000000000000a
```

Ikiishia na `a`, kurasa ni KB 4. `c` ni KB 16. `e` ni KB 64. Ukiona `c` kwenye kifurushi ulichokiita v8, simama hapo hapo: kwenye Pi 4 hakitaandika hata herufi moja, kwa sababu ukaguzi wa ukubwa wa ukurasa unafanyika kwenye msimbo wa mwanzo kabisa, kabla `earlycon` (utoaji wa mapema wa ujumbe wa kerneli) haijaamka, na prosesa ikishindwa inabaki kuzunguka palepale.

Kwa moduli, uliza alama ya toleo:

```
modinfo -F vermagic /tmp/k7/lib/modules/*/kernel/net/ipv4/ipip.ko*
```

Mwishoni utaona `ARMv6`, `ARMv7` au `aarch64`. Moduli zikichanganyika na kerneli ya lahaja nyingine, zitakataliwa kwa ujumbe unaoanza na `version magic`.

QEMU, kiigaji cha kompyuta, nayo inasaidia, hasa kwa suala la ukurasa. Kerneli ya KB 16 iliyo kwenye `-cpu cortex-a53` inabaki kimya; ukibadilisha kuwa `-cpu cortex-a76` inaendelea. Tumia `-M virt` kwa kerneli yenye `CONFIG_ARCH_VIRT`, au `-M raspi2b` na `-M raspi3b` pamoja na `-dtb` kwa usanidi wa Raspberry Pi.

## Kuiweka kwenye bodi bila kuipoteza

`apt install ./linux-image-…deb` inaweka kerneli chini ya `/boot`, moduli chini ya `/lib/modules`, na faili za dtb chini ya `/usr/lib/linux-image-<toleo>`. Raspberry Pi haisomi hata kimoja cha hivyo. Inasoma kizigeu cha FAT, ambacho tangu Raspberry Pi OS ya Bookworm kinakaa kwenye `/boot/firmware`. Anayehamisha faili ni skripti zilizo kwenye `/etc/kernel/postinst.d`, na ile inayokuja na mfumo inatambua majina ya kerneli za mfumo, si zako. Andika yako, iitwe `zz-kb` ili iendeshwe baada ya ile inayotengeneza initramfs (mfumo mdogo wa faili ambao kerneli huanza nao):

```
#!/bin/sh
set -e
v="$1"
case "$v" in *-kb[0-9]*) ;; *) exit 0 ;; esac
d=/boot/firmware/kb
l=/usr/lib/linux-image-$v
mkdir -p "$d/overlays"
cp "/boot/vmlinuz-$v" "$d/kernel.img"
cp "/boot/initrd.img-$v" "$d/initrd.img"
find "$l" -name 'bcm27*.dtb' -exec cp {} "$d/" \;
cp "$l"/overlays/*.dtb* "$d/overlays/"
cp /boot/firmware/overlays/README "$d/overlays/"
cp /boot/firmware/cmdline.txt "$d/"
```

Mstari wa README unaonekana kama mapambo, lakini ndio wenye uzito kuliko yote. Firmware ya Pi huangalia kama `overlays/README` ipo ndani ya saraka mpya. Isipoikuta, inarudi kutumia overlays (nyongeza za dtb) za saraka kuu, yaani za kerneli nyingine. Utahangaika siku nzima kujua kwa nini I2C au skrini haikubali, ilhali kila kitu kingine kiko sawa. Na kunakili dtb kwa kutumia `find` kunakukinga na tofauti ya mpangilio: kwenye arm64 zimo ndani ya saraka ya `broadcom`, na ndani ya msimbo zile za biti 32 nazo zilihamishiwa kwenye saraka za watengenezaji kuanzia 6.5.

Usiguse `config.txt`. Nakili iwe `tryboot.txt`, kisha ongeza mwishoni:

```
[all]
os_prefix=kb/
kernel=kernel.img
initramfs initrd.img followkernel
arm_64bit=1
```

Weka `arm_64bit=0` kwa v6, v7 na v7l. Mstari wa `initramfs` hauna alama ya sawasawa; ukiiweka hautafanya kazi. Kama nakala ilikuja na `auto_initramfs=1`, iondoe. Kisha:

```
sudo reboot '0 tryboot'
```

Bodi itasoma `tryboot.txt` mara moja tu. Kerneli ikigoma, chomoa umeme na urudishe: itarudi kwenye `config.txt` na kerneli ya zamani. Kwa bodi iliyo juu ya mnara au kwenye shule ya mbali, hii ndiyo tofauti kati ya kutuma ujumbe na kusafiri.

Angalia nafasi kabla. Kizigeu cha FAT cha usakinishaji wa zamani ni MB 256, na kerneli mbili pamoja na initramfs zake hukijaza. `cp` ikifa katikati kwa `No space left on device`, una kerneli nusu. Badilisha `MODULES=most` kuwa `MODULES=dep` kwenye `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf` na initramfs itapungua sana.

Bodi nyingi za Pi 4 zina programu za biti 32 juu ya kerneli ya biti 64: `dpkg --print-architecture` inasema `armhf`, `uname -m` inasema `aarch64`. Usibandike lebo ya `armhf` kwenye kerneli ya arm64 ili apt iikubali. Mwambie mtumiaji aendeshe `sudo dpkg --add-architecture arm64`, kisha `linux-image` ya arm64 itakubalika kama ilivyo.

## Dalili na chanzo chake

`Attempted to kill init! exitcode=0x00000004`. Namba 4 ni SIGILL, yaani amri ambayo prosesa haiitambui: kerneli imewaka vizuri, programu za mfumo ndizo zimekompailiwa kwa prosesa mpya zaidi. Ni picha ya kawaida ya `armhf` ya Debian iliyowekwa kwenye Pi Zero. Kubadilisha kerneli hakutasaidia.

`Failed to execute /init (error -8)`. Kerneli haitambui aina ya programu. Mara nyingi ni kerneli ya arm64 isiyo na `CONFIG_COMPAT` juu ya mfumo wa biti 32. Kerneli ya KB 16 ndiyo mshukiwa wa kwanza, kwani `COMPAT` kwa kawaida inadai kurasa za KB 4. Kwa Pi 5 yenye programu za biti 32 toa v8, si 2712.

Programu moja tu inaanguka kwenye 2712 huku nyingine zikienda: tafuta jemalloc, maktaba ya kugawa kumbukumbu. Ikiwa ilijengwa kwa kudhani ukurasa ni KB 4, inakataa kuanza kwenye KB 16.

Kimya kabisa. Washa `enable_uart=1`, unganisha waya wa serial, na uongeze kwenye cmdline `earlycon=uart8250,mmio32,0xfe215040` kwa Pi 4, au `earlycon=pl011,0xfe201000` kama umehamishia PL011 kwenye pini. Kukibaki kimya hata hapo, rudi kwenye `od`: ni ukurasa usiofaa, LPAE kwenye prosesa isiyo nayo, au `arm_64bit` iliyopingana na faili.

## NAS za Kirkwood

Vifaa vya ARMv5 vyenye chipu za Kirkwood, kama QNAP TS-219, vinatumia U-Boot (programu ya kuwasha bodi) ya zamani isiyojua dtb wala zImage. Inataka uImage, yaani kerneli yenye kichwa cha U-Boot, na `make uImage` kwenye usanidi wa bodi nyingi itakataa mpaka utaje `LOADADDR`. Njia safi ni kuwasha `CONFIG_ARM_APPENDED_DTB`, kuunganisha dtb mwishoni mwa zImage, kisha kufunga:

```
cat zImage kirkwood-ts219-6282.dtb > z
mkimage -A arm -O linux -T kernel -C none \
  -a 0x00008000 -e 0x00008000 -n kb1 -d z uImage
```

Kwenye Debian `flash-kernel` hufanya hivyo yenyewe. Tatizo halisi ni kizigeu cha kerneli kwenye flash: MB 2 tu, na kichwa cha uImage kinakula baiti 64 ndani yake. Pima uImage kwa `stat -c %s` na uifanye skripti ya kufungasha ishindwe ikizidi, maana anayeandika flash iliyojaa hapati nafasi ya pili bila waya wa serial.

## Kifurushi cha kufuata matoleo

Kwa kuwa namba ya toleo imo ndani ya jina, apt haitajua kwamba `6.12.35-v7-kb1` inachukua nafasi ya `6.12.34-v7-kb1`. Tengeneza kifurushi kitupu kwa kila lahaja:

```
Package: linux-image-kb-v7
Version: 6.12.34-1
Architecture: armhf
Maintainer: Kerneli KB <kb@localhost>
Depends: linux-image-6.12.34-v7-kb1 (= 6.12.34-1)
Description: kerneli ya KB kwa Raspberry Pi 2 na 3, biti 32
```

Faili hilo likae kwenye `meta/DEBIAN/control`, kisha `dpkg-deb --root-owner-group --build meta .`. Toleo la majaribio liandike `6.13~rc1-1`, kwa wimbi (`~`) si kistari. Bila wimbi dpkg itaona `6.13-rc1` ni mpya kuliko `6.13`, na waliojaribu mapema hawatapata toleo kamili. Na v6 usiiweke kwenye hazina moja na v7 bila kuandika aina za bodi kwenye `Description`, kwa kuwa zote mbili ni `armhf` na apt haitamzuia mtu wa Pi Zero kuchagua v7.